Mboga za Kilimo Hai na Faida ya Hati ya Uthibitisho

Kila wiki wakulima hufika katika ofisi yetu ya kilimo, nao huuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Mmoja husema, "Karani, nimesikia kabichi isiyotiwa dawa hupata bei nzuri Nairobi. Nitapata wapi hiyo karatasi?" Mwingine husema, "Mimi sijanunua mbolea ya dukani kwa miaka mitatu kwa kukosa pesa. Je, si mimi mkulima wa kilimo hai tayari?"

Maswali haya ni mazuri, na yafaa yajibiwe pamoja. Kwanza tutaeleza maana ya kilimo hai. Pili tutaona jinsi ya kupanda mboga kwa kufuata majira. Mwisho tutaiangalia hiyo hati yenyewe: ni kitu gani, hupatikanaje, na ni nani atakayefaidika nayo. Mifano yangu mingi ni ya Kinangop na sehemu nyingine za Nyandarua, ambako mashamba makubwa ya zamani yaligawanywa kwa wakulima katika skimu za makazi zilizoanza mwaka 1962. Lakini mkulima wa Lugari au wa Molo pia ataweza kuyatumia maneno haya, mradi apime na hali ya hewa ya kwake.

KILIMO HAI NI NINI

Watu wengi hudhani kwamba kilimo hai maana yake ni kutotia kitu. Sivyo. Shamba lisilotiwa kitu ni shamba lenye njaa, na mboga zake zitakuwa na njaa vilevile. Mkulima wa kilimo hai hatumii mbolea za viwandani kama DAP, CAN na yurea, wala dawa za kuua wadudu au magugu zilizotengenezwa kwa kemikali, wala mbegu zilizobadilishwa chembe za urithi. Lakini badala ya vitu hivyo hana budi kufanya kazi nyingine. Huulisha udongo kwa mboji na samadi, hubadilisha mazao, hufunika ardhi, na hukagua mimea yake kila siku.

Basi yule aliyekaa miaka mitatu bila kununua mbolea amefanya nusu ya kazi. Ameacha yaliyokatazwa, lakini hajafanya yanayotakiwa.

KUPANDA KWA MAJIRA

Mboga hukua vizuri zikipandwa wakati wake. Mkulima anayetumia dawa huweza kulazimisha kabichi katika majira yasiyofaa, kwa kunyunyiza kila wiki. Mkulima wa kilimo hai hawezi. Majira ndiyo dawa yake ya kwanza.

Mvua za masika, Machi hadi Mei. Huu ndio wakati mkubwa. Sia kabichi kitaluni mwezi wa Februari au mapema Machi, ili miche iwe tayari kuhamishwa baada ya wiki nne hadi sita. Panda karoti na njegere mvua inapokuwa imeshika. Karoti hazipendi kuhamishwa, zisiwe kitaluni.

Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Jua ni kidogo na ukungu ni mwingi, na mimea hukua polepole. Magonjwa ya majani hupenda wakati huu, kwa hiyo usibananishe mimea, na usinyunyize maji juu ya majani jioni. Sukuma wiki, spinachi na liki huvumilia.

Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Panda njegere, karoti, na mboga zetu za asili kama managu na terere. Mboga hizi hukomaa upesi, na wanunuzi wa mijini siku hizi huzitafuta sana.

Januari na Februari. Jua ni kali mchana, na usiku wa anga safi sakitu huweza kuanguka mabondeni na kuunguza majani. Vidukari na nondo wa kabichi huzidi. Mwenye maji ya mto au kisima apande kidogo tu, mahali palipoinuka, na atandaze nyasi kavu kati ya mistari. Asiye na maji atengeneze mboji na apumzishe shamba.

Kuna jambo jingine kuhusu majira. Wakulima wote wakipanda kabichi wiki moja, zote hukomaa wiki moja, na dalali hununua kwa bei apendayo. Robo ekari ikipandwa kwa nafasi ya futi 2 kwa futi 2 huingia miche karibu 2,700. Usiipande yote siku moja. Panda miche 500 au 600, kisha baada ya wiki tatu panda mingine. Mnunuzi wa mboga za kilimo hai, iwe ni hoteli, duka au jamaa za mjini zinazoletewa kikapu nyumbani, hataki lori moja kwa mwaka. Hutaka mzigo mdogo kila wiki.

KUULISHA UDONGO

Mboji hutengenezwa hivi. Chagua mahali penye kivuli karibu na shamba. Lainisha ardhi kwa jembe, upana wa futi 4 au 5, na urefu upendao. Weka chini vijiti vinene ili hewa ipite. Juu yake weka nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa, kimo cha inchi 6. Kisha weka samadi inchi 2, halafu majani mabichi inchi 6, na mwisho nyunyiza udongo wa juu na jivu kidogo. Mwagilia maji. Rudia tabaka hizo mpaka lundo lifike kimo cha kifua, kisha ulifunike kwa nyasi.

Kwa majani mabichi, tithonia ni nzuri sana. Ni kile kichaka chenye maua ya manjano na majani machungu kinachoota kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba. Majani yake huoza upesi na yana chakula kingi cha mimea.

Choma fimbo ndefu yenye ncha katikati ya lundo, iwe imelala kidogo. Baada ya siku chache ichomoe uishike. Ikiwa na joto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa baridi na lundo linanuka vibaya, maji yamezidi na hewa imekosekana, ligeuze. Ligeuze pia baada ya wiki tatu, na tena baada ya wiki tatu nyingine. Mboji itakuwa tayari katika miezi miwili au mitatu, na sehemu za baridi huweza kuchelewa zaidi. Iliyo tayari ni nyeusi, na harufu yake ni ya udongo wa msituni. Tia konzi mbili katika kila shimo la kabichi.

Samadi mbichi isiwekwe kwenye mboga. Huunguza mizizi, na huweza kuleta viini vya ugonjwa kwenye majani ambayo watu watayala. Kinyesi cha binadamu hakiruhusiwi kabisa.

Udongo ukiwa mchachu, chokaa ya kilimo inaruhusiwa. Fosfeti ya mawe inayochimbwa Minjingu, Tanzania, nayo pia inakubaliwa, kwa kuwa ni jiwe lililosagwa tu. Lakini kabla ya kununua mfuko wowote wenye maneno ya kilimo hai, uliza kwanza.

KUBADILISHA MAZAO

Gawa shamba lako la mboga katika vipande vinne. Kipande cha kwanza ni cha kabichi na sukuma wiki. Cha pili ni cha viazi, nyanya au managu. Cha tatu ni cha njegere na maharagwe, ambayo huurudishia udongo naitrojeni. Cha nne ni cha karoti na vitunguu. Kila msimu mpya, kila kundi lihamie kipande cha mbele.

Yafaa kufahamu kwa nini viazi na managu vimewekwa pamoja. Ni jamaa moja, na ugonjwa wa mnyauko unaoua viazi huweza kuwashika wote. Kadhalika kabichi na sukuma wiki ni ndugu. Ugonjwa unaovimbisha mizizi ya kabichi ukiingia shambani huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi, wala hakuna dawa ya kilimo hai itakayoutoa. Kinga yake ni kubadilisha mazao, kutia chokaa, na kutoazima miche wala jembe lenye udongo wa shamba lenye ugonjwa.

WADUDU

Tembea shambani kila asubuhi. Geuza majani uangalie chini. Mayai na viwavi vichache huondolewa kwa vidole. Vidukari huoshwa kwa maji ya sabuni ya kipande, kidogo sana. Mwarobaini husaidia kwa viwavi wadogo, nao hautafanya kazi kwa wakubwa. Panda vitunguu na giligilani kati ya mistari. Usiue bibi arusi wala buibui, kwa kuwa hao ni vibarua wasiolipwa.

Wengine huchemsha tumbaku. Afadhali uache. Sumu ya tumbaku huweza kumdhuru anayeinyunyiza, tena tumbaku huweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya.

HATI NI KITU GANI

Sasa tuje kwenye karatasi. Mnunuzi aliye Nairobi akiitazama kabichi hawezi kujua imelimwaje. Kabichi iliyonyunyiziwa jana na isiyonyunyiziwa kamwe zafanana machoni. Hati ya uthibitisho ni neno la mtu wa tatu, asiye muuzaji wala mnunuzi, anayesema, "Nimefika katika shamba hili, nimekagua, na kanuni zimefuatwa."

Kanuni zenyewe zimeandikwa. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubali kanuni moja ya mazao ya kilimo hai, na mwaka huohuo nembo ya Kilimohai ikaanza kutumika. Kanuni hiyo ni ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Hapa Kenya nembo hiyo husimamiwa na shirika liitwalo KOAN, lililoanzishwa mwaka 2005.

Kuna njia mbili za kupata uthibitisho.

Njia ya kwanza ni ukaguzi wa kampuni. Mkaguzi huja shambani angalau mara moja kwa mwaka, huangalia shamba, stoo na daftari, na ada hulipwa. Kikundi cha wakulima wadogo chaweza kupata hati moja kwa pamoja, mradi kiwe na wakaguzi wake wa ndani wanaotembelea kila mwanachama. Njia hii ndiyo inayotakiwa kwa mazao ya kupelekwa Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Januari 2022 inataka kikundi kiwe kimesajiliwa kisheria, na kisizidi wanachama 2,000.

Njia ya pili ni ya kuthibitishana. Wakulima majirani huungana, huapa kufuata kanuni, hukaguana wenyewe kwa wenyewe, na mara nyingi huwaalika wanunuzi waje kuona. Gharama yake ni ndogo. Kikundi kilichokubaliwa huweza kutumia nembo ya Kilimohai katika soko letu la hapa. Lakini njia hii haikubaliwi kwa mazao ya kuuzwa Ulaya kama ya kilimo hai.

Shamba lililokuwa likitumia dawa halipati hati mara moja. Kuna muda wa mageuzi. Kwa soko la Ulaya, mboga huhesabiwa kuwa za kilimo hai zikipandwa baada ya miaka miwili ya kufuata kanuni chini ya ukaguzi. Kwa soko la Marekani, miaka mitatu ipite tangu kitu kilichokatazwa kitumike mpaka siku ya kuvuna. Katika muda huo utafanya kazi yote, wala hutauza kwa jina la kilimo hai. Jambo hili wengi hawaambiwi mapema, na hukata tamaa katikati.

Tena usichanganye hati hii na nyingine. Hati ya afya ya mimea itolewayo na KEPHIS husema mzigo hauna wadudu wala magonjwa yaliyokatazwa. Haisemi mboga zimelimwaje.

HESABU YA FAIDA

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kikundi kina watu 25, na ada ya ukaguzi ni shilingi 100,000. Kila mmoja atatoa shilingi 4,000. Tuseme kabichi ya kawaida huuzwa shilingi 30, na mnunuzi wa kilimo hai atoa shilingi 36. Faida ya hati ni shilingi 6 kwa kila kichwa. Basi mkulima lazima auze vichwa 667 kwa mnunuzi huyo ndipo ada yake irudi. Akiuza 2,000 amepata shilingi 12,000, na akitoa ada hubaki na 8,000. Lakini ikiwa mnunuzi atachukua vichwa 500 tu, na vingine vikaenda kwa dalali kwa bei ya kawaida, mkulima amepata shilingi 3,000 na kulipa 4,000. Hati imemla shilingi 1,000.

Weka bei za kwenu mahali pa bei zangu, ufanye hesabu hiyo kabla ya kulipa chochote. Ongeza pia kazi ya palizi na mboji, na ukumbuke kwamba miaka ya kwanza mavuno huweza kupungua. Upande wa pili, andika pesa ulizookoa kwa kutonunua mbolea na dawa.

Ushauri wangu ni huu: tafuta mnunuzi kwanza, hati baadaye. Asiye na mnunuzi aanze na njia ya kuthibitishana, au aendelee kulima hivyo kwa faida ya udongo wake na afya ya nyumba yake. Hilo nalo si dogo.

DAFTARI, NA YALE NILIYOYAONA

Hati husimama juu ya daftari. Andika ulichopanda, tarehe, mbegu zimetoka wapi, mboji uliyotia, wadudu uliowaona na ulichofanya, ulichovuna na uliyemuuzia. Weka risiti. Chora ramani ya shamba na mipaka yake, na uoneshe jirani yupi hunyunyiza dawa. Upande wake panda ua mnene, na mazao ya ukingoni uyauze kama ya kawaida.

Nitaeleza jambo moja nililoliona. Kulikuwa na kikundi kimoja katika skimu yetu, nami niliwasaidia kupanga madaftari yao. Mama mmoja mjane alikuwa mwanachama. Msimu mmoja vidukari vilishambulia kabichi zake. Aliazima bomba la jirani akanyunyiza maji ya sabuni. Siku mbili baadaye jirani alimwambia kwamba bomba lile lilikuwa limetumiwa kwa dawa ya nyanya, wala halikuoshwa.

Mama yule alikuja ofisini na daftari mkononi. Akaniuliza, "Mwalimu, niandike?" Huniita hivyo kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuajiriwa hapa. Nami nasema kweli, nilinyamaza. Nilijua mwanawe alikuwa anangojea karo, na kabichi zile ndizo karo. Hakuna aliyeona ila yeye na jirani. Nilitaka kumwambia ageuze ukurasa. Lakini kabla sijasema neno, alichukua kalamu kaunta akaandika mwenyewe: tarehe, bomba la nani, na lilikuwa na nini.

Kamati ilikutana. Kabichi zake zilitolewa katika mzigo wa kikundi, akaziuza kwa dalali, na kipande kile kikaanza upya kuhesabiwa muda wa mageuzi. Baadhi ya wenzake walimlaumu, na karo ililipwa kwa kuuza mbuzi wawili. Mkaguzi alipofika aliusoma ukurasa ule, akauliza maswali mengi, kisha akayasoma madaftari mengine yote kwa makini zaidi. Hati ya kikundi haikuondolewa. Baada ya hapo wanachama walichanga pesa wakanunua bomba moja la kikundi, lisilotiwa dawa yoyote ya kemikali, na ufunguo wa stoo wakampa mama yule.

Sisemi kwamba ukweli hulipwa upesi. Mbuzi wake hawakurudi. Lakini nasema kwamba kile ambacho mnunuzi hulipia shilingi 6 zaidi kwa kichwa si kabichi tu. Ni ukurasa kama ule. Kikundi chenye watu 25 hubeba jina moja, na mmoja akificha, wote wamedanganya.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Panda kwa majira, tena kidogo kidogo, ili uwe na mboga kila wiki.
2. Tengeneza mboji sasa kwa ajili ya msimu ujao.
3. Badilisha mazao katika vipande vinne.
4. Usiazime bomba, gunia wala debe lililowahi kuwa na dawa.
5. Tafuta mnunuzi, fanya hesabu, ndipo ulipe ada.
6. Andika kila siku, hata lile linalokuumiza.

Mwenye swali afike kwa afisa wa kilimo wa wadi yake, na aje na daftari. Asiye na daftari anunue moja njiani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.